Aliyewataja kwa Majina

Hospitali ya Divina Providencia iko katika mtaa mtulivu wa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador. Wenyeji wanaiita Hospitalito. Inahudumia wagonjwa wa saratani wasio na fedha, chini ya uangalizi wa masista Wakarmeli, na wengi wanaofika pale wamekwisha kuzunguka kwingine wakaambiwa warudi nyumbani. Mahali hapo, katikati ya watu wanaosubiri kufa, ndipo Óscar Arnulfo Romero alipochagua kuishi alipokuwa Askofu Mkuu wa San Salvador. Ndipo pia alipopigwa risasi tarehe 24 Machi 1980, akiwa altareni.

Nilikwenda huko mwezi wa Machi, kiangazi cha nchi ile, wakati miti ya maquilishuat imepukutisha majani na kubaki na maua ya waridi matupu. Kutoka uwanja wa ndege, ulioko kusini karibu na Bahari ya Pasifiki, barabara inapanda taratibu hadi mjini, chini ya mlima wa volkano. Nchi nzima ina kilomita za mraba 21,000 na kidogo. Mkoa wetu wa Tanga unaizidi. Fedha inayotumika ni dola ya Marekani, hadi kwa mama anayeuza maembe kando ya barabara. Mkalimani wangu alikuwa binti wa chuo kikuu, mjukuu wa wachuma kahawa, na kwa sehemu kubwa yaliyomo humu yalinifikia kwa kinywa chake.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mwishoni mwa mwaka 1996, nikiwa bado shule ya msingi, boti zilianza kufika mwaloni zikiwa zimejaa watu waliokimbia vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Baadhi yao walisali nasi parokiani kabla ya kupelekwa kambini, na kwao ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa barabarani tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo wakati mji wake unatekwa. Alikuwa amewasemea wakimbizi na raia hadi dakika za mwisho, na wakubwa wengi walipokimbia yeye alibaki. Padre wetu alituambia kwamba Wakongo walikuwa wamempata Romero wao. Romero ni nani, sikujua. Tangu siku ile nilitaka kujua, na hamu hiyo imenikalia utu uzima wangu wote.

Sista aliyetupokea Hospitalito alikuwa mzee, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Alitupeleka kwanza kwenye nyumba. Mwanzoni Romero alilala katika chumba kidogo nyuma ya altare ya kikanisa cha hospitali. Masista walilionea haya jambo hilo, wakamjengea kijumba karibu na lango, wakamkabidhi tarehe 15 Agosti 1977, siku alipotimiza miaka 60. Ni vyumba vitatu. Kuna kitanda chembamba, meza, mashine ya kupigia chapa, na kinasa sauti alichotumia usiku kusimulia shajara yake. Askofu Mkuu wa mji mkuu, katika nchi ambako familia chache zilimiliki sehemu kubwa ya kahawa, alikuwa na nguo za kujaza kabati dogo tu.

Ndani ya kioo zimehifadhiwa nguo alizovaa siku ile ya mwisho. Damu imegeuka rangi ya udongo mkavu. Tundu la risasi ni dogo, dogo kuliko nilivyodhani tundu linalomwondoa mtu duniani linavyoweza kuwa. Sista hakusema neno pale. Alisimama pembeni akatuacha tutazame, kisha akatuelekeza kikanisani.

Kikanisa ni cha kisasa, chenye mwanga mwingi, na mlango wake mkuu unatazamana na altare bila kizuizi chochote katikati. Nilisimama mlangoni, mahali ambapo nje yake lilisimama gari la muuaji, nikatazama mbele. Altare yote iko wazi machoni. Jioni ile ya Jumatatu Romero alikuwa anaongoza Misa ya kumwombea marehemu, mama wa mwandishi wa habari mmoja, na tangazo la Misa hiyo lilikuwa limechapishwa gazetini likiwa na jina lake na saa. Wenzake walimsihi asiende. Alisoma Injili ya punje ya ngano inayoanguka ardhini na kufa, akahubiri kwa muda mfupi, na alipokuwa anajiandaa kwa matoleo risasi moja ikampata kifuani. Alianguka nyuma ya altare, miguuni pa msalaba. Masista waliokuwepo walimkimbilia. Picha ya wale masista waliopiga magoti kumzunguka imeenea dunia nzima, lakini pale, penye sakafu yenyewe, nilimwona mama mmoja mgonjwa akisali rozari bila kuitazama sakafu wala altare. Amelizoea eneo lile. Ni kanisa lake la kila siku, na dripu yake imetundikwa kwenye wodi ya jirani. Nadhani Romero angefurahi kuona hivyo.

Watu wengi humsimulia kana kwamba alizaliwa akiwa shujaa, na hapo ndipo wanapompunguza. Alizaliwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa milimani uitwao Ciudad Barrios, mashariki mwa nchi. Alijifunza useremala akiwa kijana mdogo, akaingia seminari, akapelekwa Roma, na huko akapadrishwa mwaka 1942 katikati ya Vita Kuu ya Pili. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa padre wa San Miguel: mcha Mungu, mchapakazi, mwenye haya, mwenye kupenda utaratibu. Aliwapa maskini sadaka na akawapokea matajiri mezani, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Alipokuwa askofu msaidizi wa San Salvador, kuanzia mwaka 1970, mapadre waliofanya kazi vijijini walimwogopa zaidi kuliko walivyomtegemea.

Mwaka 1974 alipewa jimbo la Santiago de María, nchi ya kahawa. Msimu wa mavuno wachumaji walifika kutoka mbali, wakachuma mchana kutwa, na usiku wakalala barazani na njiani katika baridi ya mlimani. Yeye akawafungulia majengo ya Kanisa walale. Mkalimani wangu aliposikia namtajia habari hiyo alitikisa kichwa kwa nguvu: bibi yake alikuwa mchumaji, na hadithi ya askofu aliyefungua milango ilisimuliwa nyumbani kwao kabla ya hadithi nyingine zote. Mwaka 1975, mahali paitwapo Tres Calles, askari wa Ulinzi wa Taifa waliwatoa wakulima majumbani usiku wakawaua. Romero alikwenda kuwafariji wafiwa. Kisha akamwandikia rais barua, kwa faragha, na hadharani akanyamaza. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu asiyejua ukimya wa Tres Calles hataelewa uzito wa sauti iliyokuja baadaye.

Waliokuwa na mali walifurahi alipotangazwa Askofu Mkuu mapema mwaka 1977. Walimwona ni mtu asiye na matata. Alisimikwa tarehe 22 Februari. Siku sita kabla, upande wetu wa dunia, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda alikuwa ameuawa mikononi mwa utawala wa Idi Amin. Hakuna ushahidi unaowaunganisha watu hawa wawili wakiwa hai. Ila tangu mwaka 1998 sanamu zao zimesimama pamoja juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, katika safu ya mashahidi kumi wa karne ya ishirini.

Kilichombadilisha Romero, au tuseme kilichomkamilisha, kiko kaskazini mwa mji, na nilikifuata kwa basi. Mabasi ya huko mengi ni yale ya zamani ya wanafunzi wa Marekani, yamepakwa rangi kali na kuandikwa majina ya watakatifu na ya wachumba. Tulishuka Aguilares, kwenye joto la mashamba ya miwa, tukachukua gari dogo kuelekea El Paisnal. Katikati ya njia, kando ya miwa, kuna misalaba mitatu. Hapo tarehe 12 Machi 1977 aliuawa Rutilio Grande, paroko wa Aguilares, Mjesuiti na rafiki wa Romero, akienda kuadhimisha Misa. Ndani ya gari lake walikuwemo pia Manuel Solórzano, mzee wa miaka 72, na Nelson Rutilio Lemus, kijana wa miaka 16. Wote watatu walikufa. Kosa la padre lilikuwa kuunda jumuiya ndogondogo za wakulima waliosoma Injili pamoja na kujiuliza kwa nini wao ni maskini.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa jumuiya hizo ni nini. Maaskofu wa nchi zetu walizifanya kuwa mpango wao katika miaka hiyohiyo ya sabini, na mimi mwenyewe ni katibu wa jumuiya yangu. Tunakutana Jumamosi asubuhi, tunasoma, tunachangishana kwa ajili ya mgonjwa au mfiwa, tunatawanyika. Nikiwa nimesimama mbele ya ile misalaba nilifikiri juu ya daftari langu la mahudhurio. Kule, daftari kama lile lilitosha kumfanya mtu achukuliwe usiku.

Katika kanisa la El Paisnal makaburi ya watatu hao yako sakafuni mbele ya altare, pamoja, padre katikati ya waumini wake. Kanisa ni la kawaida, feni zinazunguka, njiwa wanaingia na kutoka. Watatu hao walitangazwa wenyeheri mwezi Januari 2022. Usiku ule wa mauaji Romero alifika kutoka mjini, akasimama mbele ya miili, akaadhimisha Misa, kisha akabaki na wakulima kuwasikiliza. Kesho yake na siku zilizofuata akafanya mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia kwake. Alisema hatahudhuria shughuli yoyote ya serikali mpaka mauaji yachunguzwe. Jumapili ya tarehe 20 akafuta Misa zote za jimbo, ikabaki moja tu, mbele ya Kanisa Kuu. Watu wapatao laki moja walifurika. Balozi wa Papa alipinga, wenye mali walikasirika, na baadhi ya maaskofu wenzake hawakumsamehe mpaka alipokufa.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya nisafiri. Tunaposema kiongozi wa dini anahudumia maskini, kwetu mara nyingi tunaona magunia ya unga, blanketi, na picha ya pamoja. Romero alitoa chakula pia, na alifungua majengo ya Kanisa kuwahifadhi wakulima waliofukuzwa vijijini. Lakini huduma yake kubwa ilikuwa redio.

Redio ya jimbo iliitwa YSAX. Kila Jumapili asubuhi ilirusha Misa yake kutoka Kanisa Kuu, na mahubiri yake yalikuwa marefu, zaidi ya saa moja, mara nyingine karibu mbili. Kwanza alifafanua masomo ya siku kwa utulivu wa mwalimu. Baadaye alifika kwenye matukio ya wiki, na hapo alisoma: nani ameuawa, wapi, siku gani, nani amekamatwa na hajaonekana, mama yupi amekuja ofisini kumtafuta mwanawe. Aliwataja kwa majina. Ofisi ya msaada wa sheria ya jimbo, Socorro Jurídico, ilikusanya na kuhakiki taarifa hizo, kwa sababu alijua kosa moja lingetosha kumvunjia heshima. Magazeti ya nchi hayakuwaandika watu hao, au yaliwaandika kama magaidi wasio na majina. Kwenye redio ya askofu mwuza kuni wa Chalatenango alitajwa kwa jina lake la ubatizo na jina la ukoo wake, katikati ya Misa.

Tulikula pupusa kwa mama mmoja jirani na soko. Ni chapati nene za unga wa mahindi zilizojazwa maharage na jibini, zinaliwa na kabichi iliyotiwa siki. Mama huyo alikuwa mtoto wakati wa Romero, huko kijijini. Baba yake alikuwa na redio moja na alikataza isiguswe wiki nzima ili betri zifike Jumapili. Zilipokwisha nguvu alizianika juani, kama tulivyofanya sisi Ujiji. Inasimuliwa kwamba uliweza kutembea mtaani Jumapili asubuhi bila kupoteza hata neno moja la mahubiri, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imefungulia YSAX. Nilimuuliza mama yule kama hilo ni kweli. Kijijini kwao, akasema, ilikuwa redio moja, na mlangoni walisimama watu. Halafu akaongeza kwamba wiki moja jina la mjomba wake lilisomwa. Familia ilikuwa imezunguka kambi zote za askari wakiambiwa mtu wa jina hilo hayupo na hajawahi kuwepo. Askofu Mkuu aliposema jina lake redioni, bibi yake alilia, akaacha kujiona mwendawazimu.

Nimeyasoma mengi kuhusu Romero na teolojia, Romero na siasa. Sijasoma mahali popote maelezo bora ya kazi yake kuliko sentensi hiyo ya mwuza pupusa. Maskini huibiwa mengi, na katika hayo huibiwa hata ushahidi wao: anaona kwa macho yake, kisha anaambiwa hakuona. Mtu mwenye mamlaka anaposimama na kusema nimemsikia mama huyu na ninamwamini, anamrudishia kitu ambacho gunia la unga haliwezi kukirudisha.

Wakubwa walilielewa hilo haraka. Mitambo ya YSAX ililipuliwa kwa mabomu mara kwa mara. Tarehe 17 Februari 1980 Romero alimwandikia Rais Jimmy Carter wa Marekani kumwomba asipeleke msaada wa kijeshi, na barua hiyo akaisoma kanisani kabla ya kuituma. Wiki chache baadaye, mwezi Machi, sanduku la baruti lilikutwa katika Basilika ya Moyo Mtakatifu alikokuwa ameadhimisha Misa, halikulipuka. Jumapili ya tarehe 23 Machi alizungumza na askari wenyewe. Aliwakumbusha kwamba wakulima wanaowaua ni ndugu zao, kwamba hakuna askari anayelazimika kutii amri iliyo kinyume cha amri ya Mungu, akawasihi na hatimaye akawaamuru kwa jina la Mungu waache. Kanda ya mahubiri hayo ipo. Nimeisikiliza mara nyingi bila kuelewa Kihispania chote, na bado kila mara makofi ya watu yananisisimua, kwa sababu najua yeye anayepigiwa alikuwa amebakiwa na siku moja.

Maziko yake, Jumapili ya Matawi tarehe 30 Machi, yaligeuka kuwa maafa. Bomu lililipuka uwanjani mbele ya Kanisa Kuu, risasi zikafuata, watu wakakanyagana, makumi walikufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliendelea hadi mkataba wa amani wa Januari 1992 na kuua watu wapatao 75,000. Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 1993, ilimtaja Meja wa zamani Roberto D'Aubuisson kuwa ndiye aliyeamuru Romero auawe. Alikuwa amekwisha kufa kwa saratani. Siku chache baada ya ripoti, bunge likapitisha sheria ya msamaha. Mahakama ya Juu ya nchi iliibatilisha mwaka 2016, lakini nchini kwake hakuna mtu aliyehukumiwa kwa kumwua Romero hadi leo.

Kanisa nalo lilichelewa. Kwa miaka mingi faili lake Roma lilikaa bila kusogea. Wapo waliosema alikufa kwa siasa, hakufa kwa imani. Alitangazwa mwenyeheri mjini kwake mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2018 Papa Francis akamtangaza mtakatifu, pamoja na Paulo wa Sita, huku Papa mwenyewe akiwa amejifunga kiunoni mshipi wa Misa wa Romero wenye madoa ya damu. Nilifurahi siku ile kama kila Mkatoliki niliyemfahamu. Hata hivyo, nikizunguka San Salvador niliingiwa na wasiwasi. Jina lake liko kwenye uwanja wa ndege na barabara kuu, uso wake uko kwenye fulana na vikombe vya kahawa. Mtu akishawekwa kila mahali ni rahisi kusahau kwamba aliudhi. Aliwaudhi majenerali, aliwaudhi matajiri, aliwaudhi maaskofu wenzake, na aliwaudhi hata wapiganaji wa msituni alipolaani mauaji na utekaji wao. Ningependa kila anayeshuka uwanja ule wa ndege apelekwe kwanza kwenye kijumba cha Hospitalito, akione kitanda.

Katika Bustani ya Cuscatlán, katikati ya mji, kuna ukuta mrefu wa mawe meusi ulioandikwa majina ya raia waliouawa au kupotezwa, maelfu kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Ulijengwa na mashirika ya wafiwa na watetezi wa haki, ukafunguliwa mwaka 2003. Tulikaa hapo mchana mzima. Wanafunzi wa shule walipita, wakacheka, wakatafuta majina ya ukoo wao. Mzee mmoja alisugua mstari mmoja kwa kitambaa chenye maji, akaondoka na ndoo yake. Hapo nilielewa kwamba kazi ya Jumapili asubuhi haikuisha na mtu aliyeianza.

Jumapili tulikwenda Kanisa Kuu. Romero aliukuta ujenzi wake haujakamilika, akauacha vilevile, maana aliona fedha zina wenyewe waliokuwa na njaa. Leo limekamilika. Misa kubwa iko juu, yenye kwaya nzuri na maua. Sisi tuliteremka chini, kwenye ukumbi wa makaburi, ambako watu wa jumuiya husali mbele ya kaburi lake. Ni kaburi la shaba nyeusi, kazi ya mchongaji wa Italia, Paolo Borghi. Romero amelala kana kwamba amefunikwa nguo, wainjilisti wanne wameshika pembe zake, na juu ya moyo kuna jiwe jekundu la mviringo. Watoto huliparamia wakaligusa jiwe hilo, na hakuna anayewakataza. Viti ni vya plastiki. Gitaa mbili, ngoma moja. Mahubiri yalipokwisha waumini waliinuka mmoja mmoja kusema walilonalo, kama tunavyofanya jumuiyani, na padre aliketi akasikiliza.

Kabla ya Misa, mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa anapita na daftari kuandika nia za siku hiyo. Ni wa kundi la mama za waliopotezwa, ambalo Romero mwenyewe alilisaidia kuanza mwaka 1977. Wapo waliobaki wachache, na umri umewaendea. Alimwuliza mkalimani wangu ninatoka wapi. Alipojibiwa Tanzania alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza moja kwa moja: "Na kwenu, ni nani?"

Nilimwambia kwamba nimekulia ng'ambo ya ziwa kutoka kwa watu waliompoteza askofu wao. Nikamtajia Munzihirwa wa Bukavu, nikamtajia na Luwum wa Kampala, ingawa yeye alikuwa Mwanglikana; mama akasema hilo si kitu, niandike. Alinipa kalamu. Niliandika majina yote mawili kwa herufi kubwa, na miaka, 1977 na 1996. Alilichukua daftari, akayasoma kwa kidole, akaniuliza kama Munzihirwa aliuawa peke yake. Nikamwambia hapana. Akaandika mwenyewe, chini ya mwandiko wangu: na wote waliokuwa naye.

Wakati wa sala za waamini kijana mmoja alisimama mbele ya kaburi akaanza kusoma. Desturi yao ni kwamba kila jina likitajwa, watu huitikia kwa sauti moja kwamba yupo. Yalisomwa majina ya San Salvador, ya Aguilares, ya Chalatenango. Ya mapadre sita wa Chuo Kikuu cha Wajesuiti waliouawa Novemba 1989, pamoja na Elba Ramos, mpishi wa Wajesuiti, na binti yake Celina. "¡Presente!" waliitikia, na ukumbi ule wa chini ukavuma. Kisha kijana akafika kwenye mwandiko wangu. Luwum lilimtoka vizuri. Munzihirwa lilimkwama, akalikata vipande, akarudi mwanzo, na mama wa kitambaa cheupe akamsaidia kutoka kitini, kwa jinsi nilivyomtamkia mlangoni. Mara ya tatu alilitoa lote, Christophe Munzihirwa, Bukavu, na wote waliokuwa naye, na watu wakaitikia kwa nguvu ileile waliyowaitikia wa kwao.